Mguu Uliobaki Chini

Waliniaga kwa soda, keki na kitenge, wakanisomea risala ndefu ambayo nusu yake ilinihusu mimi na nusu ikamhusu mgeni rasmi. Sasa niko nyumbani hapa Bariadi, nafuga kuku, na mtu akipita barabarani bado natazama nyonga zake kabla ya kutazama sura. Ugonjwa wa kazi huo, hauna dawa. Binti aliyerithi chumba changu cha mazoezi ya viungo ameniomba niandike kidogo ili ninyi vijana wa fiziotherapia msome. Nimekubali kwa sharti moja, kwamba hamtanidai habari za vyeo. Vyeo vyangu vimo kwenye faili, faili limo kabatini, na panya wanajua lilipo. Mimi nitawaeleza habari za miguu.

Nilifika huku Bariadi ikiwa wilaya tu, mkoa wa Simiyu bado haujazaliwa. Mimi ni Mpare wa Same, na Kisukuma nilikisikia kwa mara ya kwanza siku niliposhuka kwenye basi. Asubuhi yangu ya kwanza kazini mama mmoja mgonjwa akaniambia, "Mwangaluka, mayu." Nikachuchumaa mbele yake kwa huruma nikamuuliza panauma wapi. Chumba kizima kikacheka. Kumbe alikuwa ananiamkia tu, na mayu ndivyo wanavyomwita mama au mwanamke yeyote wa heshima. Nilikuwa bado msichana, nikajiona nimezeeka ghafla.

Aliyenifundisha kazi ni Mzee Komba, Mngoni wa Songea, mkali, mfupi, mwenye vidole vigumu kama misumari ya mbao. Vifaa vyetu vilikuwa kitanda cha mninga, kioo kilichong'olewa kwenye mlango wa kabati, mifuko ya mchanga, na mipira ya ndani ya baiskeli tuliyoikata vipande kwa ajili ya kuvuta. Msicheke. Mpira wa baiskeli hauhitaji umeme wala mzabuni. Siku moja akaja mkulima kutoka Kimali analalamikia mgongo. Komba hakuugusa mgongo. Alimwambia avue viatu, akakuta kifundo cha mguu wa kulia kimegoma kukunjika tangu plau ilipomwangukia, na mgongo ndio uliokuwa ukibeba adhabu. "Nakijwa," akaniambia, "panapouma ni mlalamikaji. Mtuhumiwa mtafute kwingine." Maneno hayo nimeyatumia hadi siku ya keki.

Sasa nije kwenye kesi iliyoninyima usingizi kuliko zote, nayo ni ya miaka ya karibuni tu.

Siku hiyo aliingia Sensei Jilala, fundi wa kuchomelea mageti ambaye jioni hufundisha karate kwenye banda nyuma ya karakana yake. Nyuma yake alikuwa binti mrefu, mweusi tii, mtulivu, kwa jina Minza, mzaliwa wa Ngulyati. Jilala hakukaa.

"Dada Nakijwa, nitengenezee huu mguu wa kulia. Huyu ndiye mpigaji wangu bora, na teke lake la mzunguko limekufa. Mwezi ujao wateuzi wa timu ya kikosi kimoja cha ulinzi wanakuja hapa Bariadi. Wakimchukua, anakwenda kambini, na huko kuna ajira. Akikosa mwaka huu umri unampita."

"Na yeye mwenyewe hana mdomo?" nikauliza.

Minza akatabasamu kidogo. Baba yake alikuwa amefariki, mama anaumwa, wadogo zake wako shule, na yeye alikuwa kibarua kwenye ghala la pamba. Haya aliyasema kwa sentensi moja, bila kuomba huruma.

Nikampima mguu wa kulia. Ulikuwa mzima kama wa punda. Paja la mbele lina nguvu, paja la nyuma linavuta vizuri, nyonga inafunguka. Nikamwambia asimame kwa mguu wa kushoto peke yake. Hapo ndipo nilipoona. Nyonga ya kulia ilishuka, goti la kushoto likaingia ndani, likawa linatetemeka.

"Linauma?"

"La kushoto haliumi, mayu."

"Sijakuuliza lipi."

 Nikalishika goti la kushoto, lilikuwa la moto na limevimba kwa upande wa ndani. Jilala akasema, "Lakini teke anapiga kwa mguu wa kulia!" Nikamwambia ndiyo, na anapopiga la kulia amesimama juu ya nini, juu ya maombi?

Hapa tulieni niwaeleze teke, maana najua vyuoni mnaonyeshwa mashine za kunasa umeme wa misuli. Nzuri sana, ila hapa Bariadi sikuwahi kuziona. Nilikuwa na vidole. Weka kidole juu ya msuli, mwambie mtu apige polepole, utausikia unaamka. Teke la mzunguko haliamkii kwenye mguu unaoruka. Linaanzia kwenye wayo uliobaki chini. Kisigino kinanyanyuka kidogo, wayo unageuka, na msuli wa pembeni ya tako la upande huo unakaza ili nyonga isianguke. Ndipo goti la mguu mwingine linapopanda, paja la mbele linarusha muundi kwa mkazo mfupi mno kisha linaachia, na paja la nyuma linawahi kushika breki kabla goti halijanyooka kupita kiasi. Anayekaza kila kitu kwa pamoja anaendesha gari huku amekanyaga breki. Na wayo wa chini usipogeuka, mwili wote unazunguka, nyonga inazunguka, halafu mzunguko unafika kwenye goti na kukuta mlango umefungwa.

Goti halikuumbwa kuzunguka. Likilazimishwa, linakatika.

Daktari wa mifupa alimpima akasema kano ya upande wa ndani imevutika ila haijakatika. "Wayo ukiganda chini mara moja tu tena, mwili ukageuka, basi," alisema. Hakumalizia. Minza alikuwa anamtazama mdomoni.

Kilichonisumbua ni kwa nini wayo wake ugande. Jilala, kweli, aliwafundisha wote kwamba kisigino kisiondoke chini, ndivyo alivyofundishwa na mwalimu wake. Lakini nilipokwenda bandani kutazama, wale wengine miili yao ilimdanganya mwalimu. Wakipiga kwa nguvu, visigino vilinyanyuka vyenyewe. Cha Minza kilibaki pale pale, kama kimepigiwa msumari. Na pembeni ya tako lake la kushoto, nilipoweka vidole, msuli ulikuwa umelala fofofo. Binti mwenye nguvu zile! Nikamkumbuka Komba. Mtuhumiwa alikuwa kwingine.

Nikapanda bodaboda mpaka ghalani kwao Ngulyati. Ulikuwa msimu wa pamba, uwanja mweupe, vumbi la pamba mpaka kwenye kope za watu. Magunia makubwa yalikuwa yananing'inia kwenye fremu za miti, na ndani ya kila gunia mtu anashindilia pamba kwa miguu huku mwenzake akimwagia nyingine kutoka juu. Minza nilimwona kichwa na mabega tu. Anaimba, anapanda na kushuka, kisigino kinapiga chini, kisigino kinapiga chini.

"Huyo ndiye mshindiliaji wetu," mama mmoja akaniambia kwa fahari. Alikuwa shangazi yake Minza, amekaa kwenye kivuli cha lori anashona midomo ya magunia kwa shazia, ile sindano kubwa ya magunia. "Gunia la Minza ukiligonga, unaumia mkono wewe."

Nikaomba niingie kwenye gunia. Wakacheka mpaka wakashika mbavu, mtumishi wa serikali na sketi yake, lakini wakanipandisha. Mle ndani nilielewa kila kitu. Pamba inakushika mpaka juu ya kifundo, ukijaribu kugeuza wayo unaanguka, kwa hiyo unajifunza kutougeuza kamwe. Unakanyaga kwa kisigino, moja kwa moja chini. Na huhitaji msuli wa pembeni ya tako, maana kuta za gunia zinakushikilia pande zote. Tangu utotoni, msimu kwa msimu, mguu wa Minza ulikuwa umesomeshwa kufanya kinyume cha teke, na umefaulu vizuri sana.

Nilipotoka, nina pamba hata masikioni, nikamwambia hapo hapo, "Mwanangu, toka humo. Hurudi tena mpaka uteuzi upite."

Uso ukabadilika. "Mayu, nyumbani watakula nini?"

Lilikuwa swali la haki. Shangazi ndiye aliyejibu. Alisimama, akampa Minza ile shazia, akakunja kitenge chake na kupanda mwenyewe kwenye fremu, mama wa makamo. "Shona," alisema, na akaingia. Minza alishona siku ile akiwa ameinamisha kichwa. Kwake ilikuwa aibu kubwa, mshindiliaji kukaa kivulini na vikongwe.

Tukaanza kazi. Mpira wa baiskeli juu ya magoti, anatembea kiubavu kwenye veranda ya hospitali huku wagonjwa wa meno wakimtazama na mashavu yao yaliyovimba. Asimame mguu mmoja anapiga mswaki. Kisha chaki. Nilimpaka chaki ya shule kwenye wayo mzima, anasimama kwenye sakafu nyeusi, anapiga. Wayo ukiganda, sakafuni inabaki picha ya unyayo kamili, na kisigino chake. Ukigeuka, unabaki upinde kama mwezi mchanga. Siku za mwanzo tulichora nyayo tupu. Sakafu ilionekana kama njia ya kwenda kisimani.

Jilala akaja juu. "Dada, unaniharibia mtu! Kisigino kikiondoka chini, nguvu imeondoka!"

"Sensei, wewe ukishuka ngazi za veranda hii unashuka kiubavu kama kuku aliyelowa. Goti lako la kushoto lina hali gani?"

 Sikumwonea huruma. Nikamchukua mkono, nikauweka juu ya goti la Minza, nikamwambia Minza akanyage wayo wote chini na ageuze mwili taratibu sana, kidogo tu. Jilala alilisikia goti likijisokota chini ya kiganja chake. Aliuondoa mkono kama aliyegusa chuma kinachotoka motoni, na yeye vyuma vya moto anavijua.

"Basi," alisema. "Tufundishe."

Pinde za chaki zikaanza kuonekana sakafuni, mmoja leo, kadhaa kesho. Msuli wa tako ukaamka, niliusikia kwa vidole ukiwahi kukaza kabla goti halijapanda. Uvimbe ukanywea. Nikaanza kulala.

Wiki ya mwisho Jilala akampambanisha bandani na kijana mmoja mwenye haraka. Nilikuwepo. Kwa utulivu Minza aligeuza vizuri, tena na tena. Kisha yule kijana akamvamia kwa kelele, Minza akashtuka, na hofu ikamrudisha ndani ya gunia. Kisigino kikapiga chini, pwaa! Mwili ukageuka, wayo ukabaki. Alipiga ukelele nisiotaka kuusikia tena maishani. Nilikimbia na viatu vyangu juu ya mikeka, kosa kubwa kwa watu wa karate, na hakuna aliyenisema.

Kano haikukatika. Mungu alikuwa na shughuli nyingi siku hiyo lakini akatutazama. Goti likavimba tena.

"Hupigani," nilimwambia, nikimfunga barafu.

"Nitapigana, mayu."

"Minza, likikatika utachechemea maisha yako yote. Hutashindilia pamba, hutalima, hutachota maji."

Machozi yalimtoka lakini sauti haikutetemeka. "Nikikaa nyumbani goti litapona. Na mimi je?"

Ninyi mnaosoma, mtaulizwa swali hilo na mtu fulani siku fulani, na hakuna kitabu kitakachowasaidia. Nilikasirika. Nilimkasirikia yeye, nikamkasirikia Jilala, nikaukasirikia msimu wa pamba. Daktari akasema hatari ipo lakini uamuzi ni wa mgonjwa, na kwamba goti lililofungwa vizuri na wayo unaogeuka linaweza kuhimili. Linaweza. Neno hilo nalichukia mpaka leo.

Kwa bahati, mhudumu wa afya wa mashindano nilikuwa mimi, na mhudumu wa afya akinyanyua mkono, mwamuzi anasimamisha pambano. Nikampa sharti. "Ukikanyaga kisigino hata mara moja, nanyanyua mkono. Hutanibembeleza." Akakubali. Jilala naye nikampa lake: marufuku kupiga kelele za "Piga!" Aseme neno moja tu, "Geuza."

Siku ya uteuzi ukumbi wa shule ulijaa. Wateuzi walikaa mezani wamenuna, kama kawaida ya wateuzi. Shangazi alikuja na pamba bado nyweleni. Mpinzani wa Minza alikuwa binti wa Maswa, mrefu kumzidi, miguu mirefu, mwepesi, na tangu mwanzo alitambua kwamba Minza anaogopa. Alimsukuma nyuma mara kwa mara. Alipata pointi, akapata nyingine. Minza alikuwa anatumia mikono tu. Hakupiga teke hata moja.

Nilikuwa nimekaa kwenye kiti cha plastiki kando ya mikeka, mkono wangu wa kulia juu ya paja, na ulikuwa mzito kama jiwe la kusagia.  Mara mbili nilitaka kuunyanyua bila sababu, nimtoe tu, nimrudishe kwao akiwa mzima. Mteuzi mmoja alifunika kalamu yake. Nikaelewa maana yake, na Minza naye aliiona.

Muda ulikuwa unakwisha. Binti wa Maswa akamvamia kwa ukelele, vile vile kama yule kijana wa bandani. Nikaona mabega ya Minza yakipanda. Nikaona kisigino cha kushoto kikishuka kuelekea chini, na mkono wangu ukaondoka kwenye paja.

"Geuza!" Jilala alipasua sauti.

Ukumbi mzima ulitazama mguu uliokwenda juu. Mimi nilitazama uliobaki chini. Kisigino kiligusa mkeka, kidogo tu, kikanyanyuka. Wayo ukageuka. Ukageuka wote, taratibu kwa macho yangu, hadi kisigino kikamwelekea binti wa Maswa, na goti juu yake limetulia, halikuingia ndani, halikutetemeka. Nyonga ilikaa sawa kama meza.

Nikasikia mlio, nikasikia watu wakiruka, filimbi, vigelegele, shangazi akilia kwa Kisukuma. Mkono wangu ulikuwa umebaki hewani, usawa wa kifua, na mwamuzi ananitazama kwa mashaka. Nikajifanya najikuna shingo.

Walipotangaza, mteuzi yule alikuwa ameifungua tena kalamu yake, na jina la Minza lilitajwa. Kambini alikwenda, na goti lake. Lakini kabla ya yote hayo, alinijia pale kwenye kiti cha plastiki, anatembea kwa miguu miwili iliyonyooka, jasho linamtiririka, akapiga magoti yote mawili mbele yangu kunishukuru kama wanavyofanya mabinti wa huku. Hata la kushoto halikumuuma. Mimi nilikuwa nalia, sina haja ya kuficha.

"Wabeja, mayu," alisema. "Umeona nilivyompata? Umeona nilipompiga?"

"Sijui ulimpiga wapi, mwanangu," nikamwambia. "Mimi nilikuwa natazama kisigino."